Kilo Sabini za Mama

Ndugu yangu Kipyegon hajawahi kununua kitu kidogo maishani mwake. Daktari alimwambia anunue baiskeli kwa ajili ya tumbo, yeye akanunua ndege.

Sisemi ndege ya watu mia. Ni ndege ya viti viwili, mbao na kitambaa na mabomba membamba ya chuma, iliyojengwa kwa mkono ndani ya kibanda kule Longonot na mzee Karanja, fundi mstaafu wa karakana ya reli. Mzee aliijenga kwa miaka kumi na moja. Kila boliti aliiandika kwenye daftari: ilitoka wapi, ilikazwa lini, na kama siku hiyo mvua ilinyesha. Macho yalipoanza kumchezea akaona heri aiuze kabla hajaipeleka mlimani bila kupenda. Siku ya kuichukua nilikuwepo. Mzee alimshika Kipyegon mkono akamwambia, "Usiiongezee kitu. Na ukiongeza, pima." Kipyegon akatikisa kichwa vile anavyotikisa kanisani mahubiri yakiwa marefu.

Mimi naitwa Cheruto, dada yake mkubwa, na kwa bahati yangu mbaya ni injinia wa ndege mwenye leseni. Miaka ishirini na sita nimefungua na kukaza ndege za watu Nairobi. Nikastaafu, nikarudi Nakuru, nikatulia mtaa wa Section 58 nipalilie sukuma wiki yangu kwa amani. Amani gani! Kwetu ukiwa daktari unaitwa mtu akikohoa, ukiwa mwalimu unaitwa mtoto akifeli. Mimi nilidhani nimejificha vizuri, maana nani kwetu angenunua ndege?

Kipyegon anakaa mtaa wa Milimani, hapo hapo Nakuru, nyumba ya vigae vyekundu na geti linalofunguka lenyewe, na geti hilo limefunguliwa na viazi. Ni dalali. Wakulima wa Molo wanachimba, yeye anapima, anapakia lori, anauza mjini. Kwenye stoo yake ya Molo kuna mizani tatu kubwa za chuma, zile za kuweka gunia juu, na kwa miaka tisa kila kiazi cha upande ule kimelala juu ya mojawapo. Hata Mama yetu humuuzia. Mwaka jana Mama alinilalamikia kwamba viazi vyake siku hizi vimekuwa vyepesi. Mgongo wake unasema gunia limejaa, mizani inasema bado, ongeza. Akaamua kosa ni la mbegu, akabadilisha mbegu yote. Nilimwonea huruma, nikampa pole, nikasahau.

Sasa, ndege haikukaa hata wiki kabla Kipyegon hajaanza kuiona ina kasoro. Tangi dogo: akiwa na leseni yake mpya ya urubani, alitaka aende Eldoret na kurudi bila kutia mafuta. Matairi madogo: malisho yetu ya Molo, ambayo aliyapandisha cheo yakawa uwanja wa ndege, yana mashimo ya fuko. Na kiti cha abiria kilikuwa chembamba. Mama anatimiza miaka themanini, na Kipyegon alikuwa amemwahidi mbele ya ukoo mzima kwamba siku hiyo ataliona shamba lake kutoka juu. Mama si mwembamba. Kwa hivyo kiti kipanuliwe.

Nilimwambia sawa, lakini tuombe idhini kwanza. Alinitazama kama nimemwomba figo.

"Cheru, si ni yangu? Nikitaka kuongeza chumba Milimani naomba nani?"

Ukweli ni kwamba hata chumba cha Milimani alipaswa kukiombea kibali, na hakuomba, lakini hiyo ni kesi yake na kaunti. Nilimweleza polepole. Ndege ya kujengwa nyumbani hupewa ruhusa ya kuruka jinsi ilivyo, boliti kwa boliti. Ukigusa kitu, ruhusa ile inakuwa ya ndege nyingine ambayo haipo tena. Mzee Karanja aliijenga, kwa hivyo yapo mambo ambayo angeweza kuyashuhudia mwenyewe kwa sababu aliyajua kutoka ndani. "Wewe hukujenga," nikamwambia. "Wewe ulinunua. Ukioa mwanamke mwenye watoto watatu, hiyo haikufanyi mkunga." Mke wake Kimberly alicheka. Kipyegon hakucheka.

Basi nikachora michoro, nikapiga hesabu, nikaandika barua kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Zikarudi na maswali, nikajibu maswali, yakazaa maswali mengine. Miezi mitano. Kila wiki Kipyegon alinipigia kuuliza kama hao watu wa ndege wanajua yeye ni nani. Nilimjibu kwamba hawajui, na kwamba hilo ndilo linalomsaidia. Hatimaye idhini ikaja, ya tangi, matairi na kiti, na sharti moja tu limeandikwa chini: kazi ikiisha, ndege ipimwe uzito upya, na injinia mwenye leseni atie sahihi. Injinia huyo ni mimi.

Kazi niliifanya mwenyewe pale Longonot, kwenye kibanda kile kile. Tangi kilo kumi na mbili. Matairi yakaongeza kilo tisa, kiti kikaongeza nane. Nilivipima kimoja kimoja kabla ya kuvifunga, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa na watu waliokuwa wakali kuliko mimi. Tukayatoa mabawa, tukaipakia ndege kwenye lori la viazi, tukaipandisha Molo, nikaiunga tena kule malishoni. Ilibaki kupima tu.

Mizani za kupimia ndege si mizani hivi hivi. Hukaguliwa kila mwaka, zina cheti chake, na huwekwa tatu kwa pamoja, moja chini ya kila gurudumu. Rafiki yangu Farah anazo Nairobi, lakini zilikuwa kazini mpaka wiki iliyofuata. Nikamwambia Kipyegon asogeze sherehe ya Mama, iliyopangwa Jumamosi, kwa wiki moja. Akasema haiwezekani. Kadi zimechapishwa, hema limelipiwa, chifu amethibitisha, na mbuzi wawili tayari wameshaambiwa.

Jumatano nikapata picha kwenye WhatsApp. Ndege yetu imesimama ndani ya stoo ya Molo, na chini ya kila gurudumu kuna mizani ya viazi. Chini ya picha ameandika: "Sis, nimekuokolea safari. Nimepima mwenyewe. 307. Saini tu."

Nilikaa chini. Nikachukua daftari la mzee Karanja. Ndege tupu, kwa mwandiko wake wa fundi wa reli, ilikuwa kilo mia tatu na kumi na nane. Tumeongeza kilo ishirini na tisa, na imekuwa mia tatu na saba. Yaani tumeilisha ikakonda. Ndege ilikuwa imefunga na kuomba! Kumbe wanawake wa Nakuru wanaolipia mazoezi ya viungo wanapoteza pesa, wangepelekwa tu Molo wakapimwe na Kipyegon.

Na hakuishia hapo. Alikuwa amejipima na yeye, akanitumia: tisini na moja. Kipyegon! Mara ya mwisho Kipyegon kuwa na kilo tisini na moja alikuwa kidato cha tatu. Ukimtazama tu ni mia na nne, na hiyo ni kabla ya chai.

Alhamisi nikapanda Milimani. Nilimuuliza kwa upole, na wanaonijua watakuambia upole wangu ni wa kukopa. Nikamuuliza kama hizo mizani ziko sawa. Akasema zina stika ya wakaguzi wa vipimo. Nikasema stika najua, mkaguzi alikuja, akapima, akabandika, akaenda zake, na chini ya mizani kuna skrubu ambayo haijui stika. Nikamwambia wakulima wa Molo wananung'unika miaka yote kwamba gunia likiwa mgongoni ni zito na likifika kwako ni jepesi. Akasema wakulima hunung'unika hata mvua ikinyesha. Hilo ni kweli, na ndilo lililomsaidia. Kila aliyelalamika alionyeshwa stika, na nani kule ana mizani yake ya kumpinga? Mnunuzi mwingine wa karibu hana hata mizani, anapima kwa macho, na macho yake ni makengeza.

"Unaniita mwizi ndani ya nyumba yangu?" akaniuliza. Kimberly akakiondoa kikombe changu na chai bado imo.

Sasa sikiliza kitu kilichoniudhi kuliko vyote. Kipyegon hakuwa anadanganya. Namjua tangu akiwa na nepi: akidanganya hukuna sikio la kushoto. Siku hiyo hakukuna. Ile mizani aliirekebisha mwenyewe miaka tisa iliyopita, kwa mkono wake, na amesahau. Tangu siku hiyo hakuwahi kupima kitu chake pale. Amepima vya watu tu. Mizani ikazoea kusema kidogo, na yeye akazoea kuiamini, na alipopata kitu chake cha kwanza cha kupima, kikiwa ndege, na abiria wa kwanza akiwa mama yetu, akakipeleka moja kwa moja kwenye mizani ile ile kwa moyo mweupe kabisa.

Nilimpigia hesabu mezani. Ndege hii isizidi kilo mia tano na sitini ikiwa na kila kitu. Mia tatu arobaini na saba ya chuma na mbao, mia na nne yako wewe bwana mkubwa, sabini za Mama, sabini na mbili za mafuta kwa sababu umetaka tangi lijae. Umezidi kwa kilo thelathini na tatu. Na Molo si Mombasa. Kule juu hewa ni nyembamba, injini inahema kabla haijafanya kazi, malisho ni mafupi, na mwishoni imesimama mikaratusi ya jirani, mirefu, haina haraka. Akanijibu kwamba kwa mizani yake hajazidi hata kidogo.

"Ukisaini, sawa," akasema. "Usiposaini, nitaruka tu. Daftari halirushi ndege. Injini ndiyo inarusha."

Niliondoka nikiwa na hasira mpaka nikapitiliza nyumba yangu. Ningeweza kumripoti, ndiyo, na ningeripoti, lakini kutoka Alhamisi jioni mpaka Jumamosi asubuhi ni nani angefika Molo kusimama mbele ya propela? Kwa hivyo Ijumaa nikaenda mwenyewe kwa Mama.

Mama alikuwa amekaa jikoni akijaribu kofia mpya. Nilimwambia asipande, nikamweleza uzito, hewa, mikaratusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Cheruto, hata ulipokuwa mdogo hukutaka mwenzako abebwe mgongoni." Basi. Miaka ishirini na sita ya leseni ikaishia hapo. Akaanza kunionyesha kadi yake ya kliniki ya presha, kwa majivuno, maana Jumanne presha ilikuwa imeshuka na muuguzi alimsifu kwamba uzito haupandi haushuki: sabini kamili, mwezi wa tano mfululizo. Niliitazama ile kadi. Nikaitazama tena. Nikamwomba, kwa adabu zote nilizolelewa nazo, kesho aje nayo kwenye sherehe, rubani huenda akaihitaji.

Jumamosi Molo ilikuwa na jua la baridi. Watu walijaa. Wakulima karibu wote wanaomuuzia Kipyegon walikuwepo na jaketi zao nzito, kwa sababu mtu akinunua viazi vyako na akakualika kwa mbuzi, unaenda. Maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa kibuyuni, yalikuwa yakizunguka. Mchungaji aliiombea ndege dakika ishirini, halafu akapaka propela mafuta ya upako, nami nikasimama pale nikiwaza kama hayo nayo yanahitaji idhini. Nikachungulia ndani kukagua. Nikakuta zulia jekundu na spika mbili nyuma ya kiti, tayari zinaimba. Zulia! Spika! Nilipomuuliza, Kipyegon akasema Mama anapenda nyimbo za dini. Nikaongeza kilo tano kichwani mwangu na sikusema neno, kwa sababu nilikuwa nimetunza maneno yangu kwa kazi nyingine.

Nilimwendea nikiwa na daftari la ndege mkononi na kalamu. Nikamwambia nimefikiri, na niko tayari kutia sahihi, ila nifanye mambo kisheria: ndege ndogo, abiria anapimwa kabla ya kupanda. Alifurahi mpaka akanikumbatia. Alishika kipaza sauti akawatangazia watu kwamba familia hii inafuata sheria, na kwamba dada yake ni injinia wa leseni, makofi tafadhali. Vijana wakaenda stoo wakaleta mizani, wakaiweka kwenye nyasi karibu na bawa.

Pale stoo kuna mtindo wao wa kazi, na kila mkulima anaujua. Kipsang, msomaji wa mizani, anapaza sauti ya kilo, na mwenye gunia anajibu "Imeingia," ili kusiwe na ubishi baadaye. Mama akapanda juu ya mizani na kofia yake. Kipsang akainama, akasoma, na mdomo ukafunguka wenyewe kwa mazoea.

"Sitini na moja!"

"Imeingia!" wakajibu wakulima wote, kwa mazoea vilevile, na kila mtu akacheka.

Mama hakucheka. Alikunja uso. Akasema haiwezekani, Jumanne alikuwa sabini. Akafungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki, akaishika mbali na macho akasoma kwa sauti: sabini. Wanawake wakazidi kucheka. Mmoja akamuuliza ni dawa gani hiyo ya kupunguza kilo tisa kwa siku nne, naye aandikiwe. Mama mwenyewe akaanza kutabasamu, akazunguka ili wakione kiuno chake.

Kicheko kilianza kufa kutoka nyuma. Nilikuwa nakitazama. Kwanza wanaume wawili waliosimama karibu na hema waliacha kucheka. Halafu Chepchirchir, mjane anayelima upande wa bonde, akashusha kikombe chake cha mursik akaanza kuhesabu kwa vidole, kilo tisa katika sabini, akafika mahali, akaanza upya kuhakikisha. Kisha kukawa kimya, spika za kwenye ndege zikiendelea kuimba peke yake.

Kipyegon alisikia ule ukimya, na nadhani ndipo alipokumbuka. Nilimwona akikumbuka. Mkono ulipanda kwenye sikio la kushoto. Lakini badala ya kusimama akaharakisha. Alimshika Mama kiwiko, akasema haya, haya, upepo mzuri ndio huu, akampandisha kwenye kile kiti kipana, akamfunga mkanda, akafunga mlango. Mama akachungulia dirishani na kofia yake, akawapungia watu. Kipyegon akaanza kuzunguka kwenda upande wake.

Nikasimama mbele yake. Nilifungua daftari juu ya bawa dogo la mkia, ukurasa wa mwisho, nikashika kalamu. Niseme ukweli, ile kalamu ilikuwa imekauka tangu mwezi wa tatu. Mimi ni mwenye hasira, si mjinga.

"Kipyegon," nikasema, "kadi inasema sabini. Mizani yako inasema sitini na moja. Kimoja kinadanganya. Sema hapa mbele ya watu kwamba ni kadi, nami nasaini, na mnaruka."

Alinitazama. Akawatazama wakulima wake, waliokuwa wamesogea karibu bila mtu kuwaambia. Akaitazama mikaratusi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kile nilichokihisi wakati ule, maana niliogopa. Niliogopa kwamba atasema ni kadi. Ndiye ndugu yangu, nilimbeba mgongoni, Mama aseme atakavyo, na sikuwa na hakika. Ilikuwa ni neno moja tu. Akisema ni kadi, anabaki mzee wa kanisa, anabaki na geti linalofunguka lenyewe, na Mama anapanda angani na kilo thelathini na nane za ziada. Nilikuwa nimepanga kujitupa mbele ya gurudumu.

Mama akagonga dirisha kwa ndani. Alitaka kujua tunangoja nini.

Kipyegon akageuka akamwona pale, kofia imelalia upande, mkanda umembana, amejishika kiti kwa mikono yote miwili.

"Ni mizani," akasema.

Alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Nadhani alisahau. Neno likapita kwenye hema, likafika barabarani, likarudi.

Hakuna aliyepiga kelele. Ungetegemea kelele. Wanaume wawili walienda stoo, wakatoka na zile mizani mbili nyingine, wakazipanga kando ya ile ya kwanza, zote tatu kwenye nyasi. Kipsang akavua kofia yake ya kazi akaiweka juu ya moja, akasimama mbali nayo. Chepchirchir akaketi juu ya nyingine, tu, na hakusoma inasema nini. Mchungaji alianza kuimba, akaona hakuna anayeitikia, akaacha.

Mama alikuwa amefungua mlango. Alikuwa amevua kofia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwanzo, Mama."

"Na viazi vyangu?"

Sikutaka ajibu. Nasema ukweli wangu: nilikuja pale kumkomesha, na wakati huo ningemziba mdomo kama ningeweza. Tangu Jumatano nilitaka mtu huyu aseme ukweli mmoja, na sasa ulikuwa unatoka mwingi kuliko nilioomba.

"Hata vyako," akasema.

 Mama akayatazama mashamba upande wa nyumbani, ambayo kutoka pale chini hayaonekani yote.

"Na mimi nikabadilisha mbegu," akasema.

Kisha akamwambia amshushe. Sasa, kwa yale matairi makubwa aliyoyataka mwenyewe, kile kiti kilikuwa juu ya kiuno cha mtu. Mama hakuweza kuruka chini, na hapakuwa na ngazi, kwa sababu ngazi haikuwa kwenye maombi. Nilisogea kusaidia. Mama akaninyooshea kiganja, nikae hapo nilipo. Vijana wa stoo nao wakaanza kuja, akawatazama mara moja wakasimama.

Kwa hivyo Kipyegon aliweka kipaza sauti chini, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti yake na mwingine nyuma ya mgongo, akamtoa. Mtu mzee akibebwa kwa kawaida hukusaidia, hukushika shingo, hujifanya mwepesi. Mama hakumshika popote. Alijiachia mzima mikononi mwake, akatazama mbele. Uso wa Kipyegon ukajaa damu, akapiga hatua moja, akapiga ya pili, kuelekea kwenye viti vya hema vilivyokuwa mbali kuliko alivyokumbuka. Watu wakampisha njia. Hakuna aliyemsomea kilo, na alizibeba zote.